Vikombe Vitatu Chini ya Ukuta

Pearland, Jumanne, Septemba 2006

Nimeamka saa kumi na moja na nikakuta joto limeshaamka. Houston mwezi wa tisa haina haya: unatoka nje kuchukua gazeti, unarudi umelowa. Leo siendi kazini. Nina chai, nina karatasi yenye nambari ya simu ya Dale, na tangu alfajiri nimeosha vyombo mara mbili ili nisiipige.

Nieleze tangu mwanzo. Wanaosoma blogu hii ni watu wanne, na wawili kati yao ni dada zangu, ambao nisipoeleza vizuri watanipigia kuuliza.

Baba yetu alifanya kazi katika kituo cha serikali cha kuzalisha trauti, upande wa Nyeri, chini ya Mlima Kenya. Trauti ni samaki wa maji baridi, ana madoadoa, na hapendi kusumbuliwa. Baba ni Mkisii, mama Mmeru, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa. Kazi ya baba ilikuwa kukamua mayai ya samaki, kulea vifaranga hadi wawe na urefu wa kidole, kisha kuwapandisha mlimani katika mitungi ya maziwa na kuwamimina mtoni. Wakati wa likizo nilimfuata.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Kila mkivuka kijito, simameni. Fungua mtungi, mwaga maji kidogo ya zamani, ongeza mapya ya mtoni. Maji yakipata joto vifaranga wanakosa pumzi, na wakifika juu bila kuzoeshwa wanakufa kwa mshtuko. Mikono yangu ilijua kufanya hivyo kabla kichwa changu hakijajua kugawanya.

Trauti hawakuwa wa mlima ule. Wazungu waliwaleta enzi za ukoloni ili wapate kuvua kama kwao. Baba alilijua hilo, lakini kwake lilikuwa jambo la mahindi tu: nayo yalitoka mbali, na leo nani atakuambia ugali si wake?

Sasa, Carol. Carol ni mwenzangu katika maabara ya hospitali, mama wa makamo, Mtexas wa kuzaliwa, ananizidi miaka kumi na tano na kunizidi pia kutembea. Yuko katika chama cha wavuvi ambacho kila mwaka huenda milima ya New Mexico kusaidia kurudisha trauti wa asili. Kule kuna trauti mwenyeji. Mwenyeji ana mstari mwekundu chini ya taya, utadhani mtu alianza kumchinja akaghairi. Amebaki katika vijito vichache tu, kwa sababu mtoni waliletwa wageni wakala chakula chake, wengine wakazaana naye hadi damu yake ikapotea.

Na mgeni mkubwa ni trauti wa upinde wa mvua. Yuleyule wa baba.

Dawa yao ni hii. Wamejenga ukuta wa zege kukatiza kijito, mrefu kiasi kwamba samaki wa chini hawezi kuruka. Kisha, miaka miwili iliyopita, waliwaua kwa sumu samaki wote wa juu ya ukuta. Sasa wanawapandisha wenyeji waliozalishwa kituoni, na kwa kuwa hakuna barabara, watu wa kujitolea wanawabeba mgongoni.

Sikumweleza baba habari ya sumu. Nilimwambia tu, "Baba, naenda kupandisha trauti mlimani," akacheka kwa furaha mpaka akakohoa. Ana miaka sabini na tisa. Akaniuliza ni mlima gani, maji yana baridi kiasi gani, mitungi ni ya nini. Kabla hatujaagana akasema, "Kemunto, usisahau kuwaongezea maji njiani."

Nikamwambia sitasahau.

Tuliondoka Jumatano kwa pikapu ya Carol, tukalala DeSoto kwa wifi yangu, Alhamisi tukaendesha kutwa nzima hadi mlimani. Ijumaa asubuhi tulisimama kwa mstari tukasugua viatu katika beseni la dawa. Dale, mtaalamu wa samaki anayeongoza kazi hiyo, alitoa maelezo marefu. Ni mtu mkavu, anaongea kama analipia maneno. Nilisikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa naangalia mlima, maana ulikuwa mlima wangu wa kwanza baada ya miaka sita. Hapa Pearland mahali pa juu kabisa ni daraja la barabara kuu.

Nilisikia akisema kitu chochote cha chini ya ukuta kisifike juu ya ukuta. Nikaangalia viatu vyangu, vilikuwa safi, nikaridhika.

Kila mtu alipewa mtungi wa plastiki wenye samaki thelathini. Njia inapanda saa nzima, na chini kidogo ya ukuta inavuka kijito. Nilikuwa wa mwisho. Wenzangu walishapotea kwenye misonobari, jua limenipiga mgongoni, na mtungi ulikuwa vuguvugu. Nikautua juu ya jiwe, nikafungua mfuniko. Samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanahema.

Sikufikiri. Hilo ndilo ninalotaka kulikiri hapa waziwazi. Nilichomoa kikombe changu cha bati kwenye mkoba, nikachota maji ya zamani nikayamwaga pembeni, nikachota ya kijitoni nikaongeza. Vikombe vitatu. Katikati ya kimoja na kingine nikasubiri, kama nilivyofundishwa. Samaki wakazama mmoja mmoja, wakaanza kutikisa mikia. Nikafunga mfuniko, nikapanda.

Nilijisikia vizuri sana. Nilijisikia mtoto wa baba.

Kwa kuwa nilikuwa wa mwisho na nimechoka, Dale aliniambia niwamimine katika dimbwi la kwanza juu ya ukuta, penye gogo lililoanguka. Wengine walikuwa wamekwenda mbele zaidi. Tulipokusanyika, kila mtu alikuwa na wafu wa kuripoti: huyu wanne, yule sita, Carol watatu. Mimi hakuna hata mmoja. Dale alinitazama, akauliza nimefanyaje.

"Nimelelewa na mtu wa samaki," nikasema.

Watu wakapiga makofi. Nilikula vizuri jioni ile.

Jumamosi ni Sabato, nami sifanyi kazi Sabato. Carol anajua, kwa sababu miaka minne sasa tunabadilishana naye zamu, yeye Jumamosi yangu, mimi Jumapili yake. Wenzangu walipanda tena kukagua samaki, nami nikabaki kambini na Biblia yangu. Dale naye alibaki, anajaza fomu zake kwenye meza ya kukunja. Ili kuniondolea upweke, nadhani, akaanza kunieleza yale niliyokosa kuyasikia siku iliyotangulia.

Kuna ugonjwa wa trauti wachanga. Unawafanya wazunguke, wanafukuza mkia wao wenyewe mpaka wanakufa. Vijidudu vyake havionekani kwa macho, vinakaa kwenye tope na kwenye maji. Wakubwa wanaweza kuishi navyo bila dalili. Chini ya ukuta viliwahi kupatikana. Juu ya ukuta wamepima mara kadhaa na ni safi, na ndiyo sababu walikichagua kijito hicho kati ya vyote.

"Hata tone moja," alisema, akiendelea kuandika.

Kikombe changu kilikuwa juu ya meza, kati yake na mimi.

Nikakichukua, nikakirudisha mkobani.

Sasa naomba anayesoma aelewe mimi ni nani. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu kutwa ni kuhakikisha kilichomo kwenye chupa hii hakigusi kilichomo kwenye ile. Nikichovya kifaa kimoja mara mbili, ninaweza kumfanya mgonjwa mmoja atibiwe ugonjwa wa mwenziwe. Nimewahi kumpa mwanafunzi somo la nusu saa, tena kwa ukali, kwa sababu alifungua friji akiwa amevaa glavu alizoshikia damu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua maana ya tone. Pale mlimani sikuwa mtu wa maabara, nilikuwa na miaka minane na mtungi wa maziwa.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Carol aliweka redio, nami nikajifanya nimelala. DeSoto wifi yangu alikuwa amepika ugali na mboga za kienyeji alizootesha mwenyewe nyuma ya nyumba, nikala kidogo. Akanivuta jikoni.

"Mbona umenyamaza hivyo? Mmekosana na huyo mzungu wako?"

Nikamwambia ni kichwa tu, kwa sababu ya kule juu. Akanipa Panadol mbili na kunifungia mboga nilete Houston. Nilihisi vibaya kula dawa ya ugonjwa niliousingizia, nikaziweka mfukoni.

Jana jioni nilimwambia mume wangu. Baba Moraa alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Mama Moraa, hiyo ni kikombe tatu za maji. Tatu. Kwa mto mzima," akasema. "Who will know? Na wewe unajua makaratasi yetu ya kukaa hapa bado yako kwa meza ya mtu. Sasa unataka kupigia mtu wa serikali simu umwambie ati umeharibu mto wake?"

"Sijaharibu. Sijui kama nimeharibu."

"Exactly. Hujui. Si basi unyamaze?"

Baba Moraa si mtu mbaya. Amekaa nchi hii akichunga kila hatua, na hakuna siku amevuka taa nyekundu. Moraa, ambaye ana miaka tisa na masikio ya popo, akapiga kelele kutoka sebuleni: "Mom, just tell them." Tukamwambia afanye homework.

Nilikubaliana na mume wangu kwa muda wa saa nzima hivi. Kisha nikakumbuka Alhamisi.

Alhamisi, yaani keshokutwa, ndiyo siku ya kupandisha samaki waliobaki. Hao thelathini thelathini wetu walikuwa wa kutangulia tu. Kituoni kuna mamia wanaosubiri, na kwa wenyeji hawa mamia si kidogo, maana hawana mlima mwingine wa kukimbilia. Kama nimeingiza ugonjwa, watamiminwa juu yake. Watu watabeba, watatoa jasho, watapiga makofi, halafu baada ya mwaka Dale ataona samaki wanazunguka na hatajua kwa nini.

Mimi ningejua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yenyewe siyaumwi, nimewabebesha wengine, kwa hiyo kifo kingemuumbua Dale. Hilo ndilo lililoniinua kwenye kiti leo saa nne asubuhi, nikaacha kuandika nikampigia Dale.

Nilijitambulisha, nikataja jina langu mara mbili, kisha nikasema yote bila kupumua. Upande wa pili nikasikia injini ya gari ikizimwa.

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Ulichota kabla ya ukuta?"

"Kabla. Pale njia inapovuka."

"Ukawamwaga dimbwi la kwanza."

"Ndiyo. Penye gogo."

 Nilihesabu majani ya mmea wangu wa dirishani, yalikuwa kumi na moja. Kisha akasema kwamba dimbwi la kwanza ni afadhali kuliko lolote, kwa kuwa maji yake yanaruka ukuta na kwenda chini, hayapandi. Wasiwasi wake ni samaki wenyewe, wanaoweza kupanda. Kesho atapeleka watu wafunge sehemu ile kwa nyavu na kuwatoa wote watakaopatikana. Alhamisi ameifuta. Hakuna samaki atakayepanda mpaka majibu yatoke, na majibu yatachukua wiki kadhaa.

"Kuwapima ni kuwaua," akasema. "Nadhani unajua."

Nilijua. Thelathini wangu. Mtungi pekee ambao haukuwa na maiti.

Nikamuuliza kama kijito kimeharibika. Akasema hajui, na kwamba hatanidanganya ili nijisikie vizuri. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama ataandika jina langu mahali. Akasema ataandika kwamba mtu wa kujitolea aliongeza maji, na kwamba mtu huyo alipiga simu mwenyewe.

"Jumamosi ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka nilipokaa mimi," akasema.

"Najua."

"Haya. Umepiga kabla ya Alhamisi."

Akakata. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza kidogo, ningekuwa na kitu cha kujitetea nacho. Nilikaa jikoni nikalia, si sana, kiasi cha kulowesha kitambaa cha vyombo.

Ilikuwa imebaki simu moja, nayo niliiogopa kuliko ya kwanza.

Nilikwangua kadi ya simu, nikabonyeza zile nambari zisizoisha, na baba akapokea mlio wa pili. Kwao ilikuwa saa mbili usiku, ameshakula. Hakuuliza habari za watoto wala za kazi.

"Walifika salama?"

Nilikuwa nimepanga kusema ndiyo. Ni kweli tena: walifika wote thelathini. Ningeweza kuliacha neno hilo hapo, mzee akalala na furaha yake, na hakuna mtu Nyeri nzima angenipinga. Lakini asubuhi yote hii nimekuwa nikisema ukweli na ulikuwa umeshaniingia mdomoni. Nikamwambia. Maji, kikombe, ugonjwa, nyavu za kesho. Kisha nikamwambia na lile nililomficha: kwamba kati ya wanaofungiwa nje ya ukuta, na wale waliouawa kwa sumu, wamo trauti wa upinde wa mvua.

Nikadhani kadi imekwisha.

"Wale wetu?"

"Wale wetu, baba."

Nilisubiri aniambie habari za mahindi. Nilikuwa hata nimeandaa la kumjibu. Badala yake akauliza, polepole, "Yale maji ya zamani. Tulipokuwa tunabadilisha. Tulikuwa tunayamwaga wapi?"

"Palepale mtoni, baba. Tulipovukia."

"Yaani maji ya kituoni."

"Ndiyo."

"Kila mto."

"Kila mto, baba."

Nikamwambia haraka kwamba hakuna aliyejua wakati ule, kwamba hakukuwa na wa kuwafundisha, kwamba hata mimi niliyesoma nimefanya vilevile. Sidhani alikuwa ananisikiliza. Akasema zamani, alipoanza kazi, mito ya chini ilikuwa na visamaki vyenye ndevu, vidogo, vinavyojishikiza kwenye mawe ili maji yasivichukue. Walipokuwa wanasafisha nyavu za kituo walivitupa ukingoni. Mama alivijua jina kwa Kimeru. Mama hayupo, na yeye jina hilo hakulishika.

"Sikumbuki mara ya mwisho kuviona," akasema. "Sikuwahi kuvitafuta."

Kisha akaanza kuitaja mito. Aliitaja kama mwalimu anayeita majina ya darasa, anaacha nafasi baada ya kila mmoja ili aitikie. Thego. Sagana. Naro Moru. Burguret. Sauti iliyorekodiwa ya yule mama wa kwenye kadi ikaingia kusema imebaki dakika moja. Baba hakumjali, maana yeye hamsikii, ninayemsikia ni mimi. Aliendelea. Nilitaka kumkatiza nimuage, nikaona si adabu, nikaacha.

Alikuwa amefika mto wa saba kadi ilipokatika.

Baba Moraa akirudi leo nitamwambia nimepiga simu. Atanuna, kisha atauliza kama walichukua jina langu. Carol naye nitamweleza kesho kazini kabla hajasikia kwa wengine, na itabidi nimtafute yule mwanafunzi niliyemgombeza kwa sababu ya friji.

Lakini kwanza, leo hii saa tisa, nitakwenda Alief kwenye lile duka la Mkongomani anayeuza kadi zisizodanganya dakika. Nitachukua yenye dakika nyingi kuliko zote alizonazo. Baba bado hajamaliza, na mimi ndiye niliyekuwa naye kwenye kila mto alioutaja.